Bei Rahisi, Lakini kwa Kapu la Nani?

Mwezi uliopita kamati ya chama chetu ilikaa zaidi ya saa nzima ikibishana kuhusu mchele. Tulikuwa na pauni 150 za kuwapikia watu 40 usiku wa kufunga muhula, na hoja iliyoletwa mezani ilikuwa fupi: kila kitu kinunuliwe kwenye supamaketi ya bei nafuu iliyo karibu na mabweni, kwa sababu "kila mtu anajua pale ni rahisi." Baadhi yetu tuliunga mkono papo hapo. Wengine tukasema hapana, twende Belgrave Road kwenye maduka ya Wahindi, kama wazazi wetu wanavyofanya. Mweka hazina alipochoka kutusikiliza akatupa kazi: "Nendeni mkapige hesabu, mrudi na risiti." Tulikwenda, na haya ndiyo tuliyorudi nayo.

Tuseme msimamo wetu mapema. Sifa ya maduka haya ni ya kweli, ila ni ya kweli kwa kapu fulani. Ukila kama wanavyokula wengi nchini hapa, utaokoa pesa. Ukipika kama tulivyolelewa nyumbani, duka lenye sifa ya urahisi linaweza kukugharimu zaidi, na hutajua kwa sababu umeshaamini sifa yake kabla ya kuingia mlangoni.

Sifa hiyo haikuja bure. Aldi ilifungua duka lake la kwanza Uingereza mwaka 1990, Stechford, Birmingham. Lidl ikafuata mwaka 1994. Zote mbili zimetoka Ujerumani, na jina la Aldi limetokana na ukoo wa Albrecht na neno "Diskont". Miaka ile ya mwanzo watu wengi waliyacheka maduka haya. Mama wa mmoja wetu anakumbuka alivyokuwa akihamishia vitu kwenye mfuko wa supamaketi nyingine kabla ya kufika kwake, majirani wasije wakasema. Leo hakuna anayeficha mfuko. Mwaka 2022 Aldi iliipita Morrisons na kuwa supamaketi ya nne kwa ukubwa Uingereza. Shirika la kutetea watumiaji la Which? liliitaja kuwa supamaketi ya bei ya chini kuliko zote mwaka 2022, na tena 2023 na 2024. Hiyo ni miaka ambayo kila familia iliumia: Machi 2023 bei za vyakula zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 19 katika miezi 12. Asiyekimbilia bei nafuu wakati ule ni yule ambaye hakuhitaji.

Je, bei inashukaje? Hakuna uchawi. Supamaketi kubwa ya kawaida huweka bidhaa za aina makumi elfu, lakini duka la bei nafuu huweka takriban aina 2,000 tu. Badala ya aina kumi za nyanya za kopo kuna mbili au tatu, na nyingi zina nembo ya duka lenyewe. Anayeagiza aina chache kwa wingi mkubwa hupewa bei nzuri na kiwanda. Bidhaa hukaa rafuni ndani ya maboksi yaleyale zilizokujia, kwa hiyo mfanyakazi hapotezi muda kupanga kopo mojamoja. Toroli hufungwa kwa sarafu ili mteja mwenyewe airudishe. Alama za mistari zinazosomwa na mashine huchapwa kubwa na pande nyingi za pakiti, ili keshia apitishe vitu bila kuvigeuzageuza. Ndiyo maana ukifika mbele vitu vinakurukia kabla hujafungua mfuko. Mmoja wetu aliwahi kuangusha trei ya mayai kwenye duka moja la aina hiyo akijaribu kwenda na kasi, na hakuna aliyepunguza mwendo. Kasi ile nayo ni sehemu ya bei.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tulitengeneza makapu mawili.

Kapu la kwanza lilikuwa la mwanafunzi yeyote: maziwa, mayai, mkate, oti, makaroni, nyanya za kopo, maharage ya kopo, jibini, mapaja ya kuku, viazi, karoti na matufaha. Tulilinunua kwenye duka la bei nafuu, kisha tukaandika bei za vitu hivyohivyo kwenye supamaketi kubwa iliyo umbali wa dakika kumi kwa miguu. Duka la bei nafuu lilishinda bila ubishi. Lakini tuliporudia hesabu kwa kuchukua nembo ya chini kabisa ya supamaketi kubwa, na bei za wenye kadi ya uanachama, pengo lilishuka likawa chini ya pauni 2 kwa kapu zima. Nembo zile za chini mara nyingi huwekwa rafu ya chini kabisa, karibu na sakafu, pasipofika macho. Wahenga walikwisha sema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hatukujua kuwa walikuwa wakizungumzia supamaketi.

Ushindani wenyewe umewasaidia hata wasioingia maduka hayo. Tesco na Sainsbury's zote hubandika vibao vinavyosema bidhaa fulani imelinganishwa na bei ya Aldi. Kwa hiyo hata anayeamua kutokwenda huko anafaidi kidogo kwa kuwepo kwake. Hilo tunalihesabu upande wa sifa.

Kapu la pili lilikuwa letu: mchele wa basmati, nyama ya mbuzi, bizari ya pilau, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, vitunguu, viazi, nyanya, tui la nazi, maharage makavu, unga wa sembe, ndizi mbichi na mchicha. Hapa mambo yakageuka. Vitunguu, viazi, nyanya na mafuta vilikuwa na bei nzuri kuliko mahali pengine popote tulipopita. Tui la kopo lilikuwepo. Mchele ulikuwepo, lakini kwa mifuko midogo, na kila kilo ilitushinda kwa peni 40 hivi ukilinganisha na gunia la kilo 10 la Belgrave Road. Bizari ilikuwa kwenye kichupa cha gramu zisizofika 50, kwa bei iliyokaribia ile ya pakiti ya gramu 100 kwa Mhindi. Iliki hatukuiona. Mbuzi hatukumwona. Sembe, ndizi mbichi na mchicha wetu havikuwepo kabisa.

Hapo ndipo tulipoelewa jambo ambalo hatukulifikiria kwenye kikao. Kinacholifanya duka lile liwe rahisi ndicho kinacholifanya lisiwe letu. Ukiweka aina 2,000 tu, utaweka zile zinazotoka kwa maelfu kila wiki katika kila mji. Sembe haitoki kwa maelfu katika kila mji wa Uingereza. Hakuna anayetubagua pale, hesabu ndiyo iliyotuacha nje. Na kapu linalotumika kutangaza supamaketi ya bei ya chini nchini limejengwa juu ya vyakula vya walio wengi. Ni kapu la haki, ila si lazima liwe lako.

Na kwa Mhindi je? Sisi wa Leicester tuna bahati ambayo wenzetu wa miji mingine hawana. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, maelfu walikuja hapa, ingawa halmashauri ya mji ilikuwa imetoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwashauri wasije. Waliokuja, pamoja na waliotoka Kenya na Tanzania, walifungua maduka, na walijua vizuri kilo moja ya bizari inatumikaje. Siku ile tuliyokwenda, mzee aliyekuwa kwenye kaunta alitusikia tukibishana, akauliza kwa Kiswahili, "Mnapikia harusi?" Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama mtu aliyekuwa akiisubiri salamu hiyo. Akatuonyesha gunia lingine la mchele, la bei ya chini kuliko lile tulilokuwa tumelishika.

Lakini tusijidanganye, huko nako kuna mipaka. Katika maduka tuliyopita maziwa, mayai na jibini vilikuwa ghali kuliko supamaketi yoyote. Pia gunia la kilo 10 ni rahisi kwa kilo, lakini linadai pesa yote mkononi leo. Mwanafunzi mwenye pauni 15 za wiki nzima hawezi kuitoa yote kwenye mchele. Atanunua kilo moja, kwa bei ya juu, na wiki ijayo kilo nyingine, kwa bei hiyohiyo ya juu. Mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi. Na kutoka mabwenini hadi Belgrave Road na kurudi, basi ni hadi pauni 3 kila safari. Akienda peke yake, faida yote ya gunia inaishia mfukoni mwa kampuni ya basi.

Kuna na adui mwingine tunayemjua kwa aibu, yaani ule ujia wa katikati. Umeingia kununua mkate, unakutana na mahema, mashine za kutobolea ukuta, viatu vya mvua na kikaango kinachouzwa wiki hii tu. Miongoni mwetu sisi wanne kuna aliyerudi na taa ya kupigia kambi, na hajawahi kulala kambini. Bei yake ilikuwa nzuri kweli. Lakini kitu usichokihitaji hakina bei rahisi, hata kikiuzwa peni moja. Ukiokoa pauni 6 kwenye chakula kisha ukaacha pauni 12 kwenye ujia ule, wewe na duka ni nani aliyeokoa?

Wapo watakaosema tunapoteza muda, mchele ni mchele, peni 40 ni nini. Tungekubaliana nao kama tusingekuwa na mwenzetu mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye hatutamtaja, na ametupa ruhusa tuandike hili. Muhula mzima alikuwa haachi kikao chochote cha chama chenye chakula, na tulimtania kuwa anapenda sambusa kuliko Kiswahili. Ni wakati wa kupiga hesabu hizi ndipo alipotuambia kuwa siku nyingine sambusa zile zilikuwa mlo wake wa pekee. Alikuwa akinunua kila kitu duka la bei nafuu, akiamini kwamba hawezi kubana zaidi ya hapo. Alinunua mchele kilo mojamoja, na viungo kwenye vichupa, kwa sababu hakuwa radhi kula chakula ambacho mama yake asingekitambua. Alipoishiwa alijilaumu mwenyewe. Alisema, "Kama pale ni rahisi na bado sitoshelezi, basi tatizo ni mimi."

Tatizo halikuwa yeye. Ndiyo sababu hatutaki sifa ya duka lolote ichukuliwe kama dua, kitu cha kuitikiwa amina tu. Sifa ikiaminiwa bila kuhesabiwa, anayeumia hujiona mjinga badala ya kuona kuwa kipimo hakikuwa chake.

Kwa upande wa chama, usiku wa kufunga muhula uliamuliwa na risiti. Vitunguu, viazi, nyanya, karoti, mafuta na vinywaji tulinunua duka la bei nafuu. Mchele na viungo tulinunua Belgrave Road, na mbuzi kwenye bucha ya halali jirani yake. Tulikwenda wanne kwa gari la kaka wa mmoja wetu, safari moja. Watu 40 walikula wakashiba, tukabakiwa na pauni 11 na kilo 4 za mchele.

Kilo hizo 4 ndizo tunazotaka kuzungumzia tunapomaliza. Tunapendekeza zisirudishwe kabatini kusubiri sherehe ijayo. Chama kinunue gunia la mchele na la maharage kila mwezi, pamoja na viungo kwa pakiti kubwa, halafu kila mwanachama achukue anachohitaji kwa bei ya gunia, hata kama ni kibaba kimoja. Anayetaka alipe mwisho wa mwezi alipe mwisho wa mwezi, na mweka hazina pekee ajue. Aidha, tuwe na daftari la bei, tuandike kila wiki kitu gani ni rahisi wapi, kwa bei ya kilo wala si ya pakiti. Bei ya kilo imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya kibao cha bei kwenye supamaketi. Ni maandishi madogo kuliko yote pale rafuni, na ndiyo yenye faida kuliko yote.

Walimu wetu mnaosoma hapa, mkitaka mazoezi ya ngeli na hesabu kwa pamoja, daftari hilo litakuwa wazi. Na ninyi wenzetu mliopiga kura siku ile kwamba "kila mtu anajua pale ni rahisi", hatuwalaumu, nusu yetu tulipiga kura hiyohiyo. Kikao kijacho tutaleta hoja ya gunia. Njooni na risiti zenu.