Barabara pana isimpite mchuuzi wa Kikopey

Tangu upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit uzinduliwe Novemba 2025, mjadala umekuwa ni ada watakayotozwa madereva. Mimi nauliza jengine: nani atasimama Kikopey?

Kwa msomaji wa Pwani asiyefika huko, Kikopey ni pahali pa nyama choma karibu na Gilgil, kando ya barabara ya Nairobi–Nakuru. Kabla yake unapita Kinungi, ambako wachuuzi hukimbilia madirisha ya magari na karoti, njegere na viazi. Naivasha kuna samaki wa ziwani. Ukishaivuka Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, unaelekea Molo ya viazi na kondoo. Nimepita njia hiyo mara kadhaa, na ninachokumbuka zaidi ni nilichokula.

Biashara yote hiyo huishi kwa gari kupunguza mwendo. Na sisi haya tumeshayaona. Treni ya SGR ilipoanza 2017, kisha makontena yakahamia relini, Mariakani, Voi na Mtito Andei ziliumia. Malori yalipungua, na hoteli zilizowalisha madereva zikakosa wa kumpakulia.

Wajapani tangu 1993 wana vituo viitwavyo michi no eki, yaani stesheni za barabarani, na sasa vinapita 1,000. Maegesho na choo ni bure, saa 24. Ndani mna duka la mazao ya wakulima wa papo hapo: mboga, matunda, achari, vyakula ambavyo mji wa pili hauna. Wapo wanaofunga safari makusudi kwenda kula kwenye kijiji ambacho wasingekijua.

Kinungi, Kikopey na Salgaa zinastahili vituo kama hivyo, na vibanda wapewe wachuuzi waliopo leo. Kwetu kituo cha kupumzikia huishia kuwa petroli na supamaketi ya tajiri mmoja. Pia pawe na maji ya kutia udhu na chumba cha kuswalia. Aliyepanda basi Mombasa akaingia Nakuru alfajiri anaijua shida hiyo.

Wachuuzi wawaone wawakilishi wao wa wadi mapema. Tingatinga likifika, vibanda ndivyo huanza kubomolewa.