Nyanya wa Ireland, Nyanya wa Moa

Mmarekani ambaye nyanyake alizaliwa Ireland anaweza kuomba paspoti ya Ireland, hata kama hajawahi kukanyaga Dublin. Damu inatosha. Sasa njoo Jego. Ni vijana wangapi hapa ambao nyanya zao walizaliwa Moa au Jasini, ng'ambo tu ya mpaka? Wadigo, Wasegeju na Wavumba ni watu wamoja, waliokatwa na mstari wa Mwingereza na Mjerumani wa 1886. Lakini nenda Tanga utafute kazi uone. Mgeni!

Katiba ya Kenya ya 2010 inakuruhusu uraia wa nchi mbili. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 inamtaka mtu mzima achague mmoja, na nyanya peke yake hakupi uraia. Halafu Julai 2025 wageni wakapigwa marufuku kutengeneza simu na kufungua saluni huko. Si ndizo kazi zetu hizo?

Wataniambia usalama. Usalama gani, jamani? Mhalifu anapita njia ya panya. Anayezuiwa ni yule anayetaka kupanga foleni na kulipa kodi.

Na Kenya isijifanye safi. Wamakonde wa Kwale walitembea kwenda Nairobi 2016 kudai vitambulisho. Wapemba wakatambuliwa 2023. Kosa lao? Babu zao walitoka ng'ambo.

Ulaya nyanya ni tikiti, kwetu ni kesi. Dodoma, mhesabuni nyanya wa Moa.