Spea Mbovu Irudi kwa Nani?

Gari litokalo Tanga kwenda Pangani kwa njia ya pwani lapita Kigombe. Limebeba watu, samaki, nazi, na pengine mama mjamzito akimbizwaye hospitali. Likikwama njiani kwa kuungua klachi, watu husema, "Bahati mbaya." Sisi twasema si bahati. Yupo aliyeiuza klachi ile, na yupo aliyeiingiza nchini.

Hatuna ugomvi na spea zisizotoka kwa mtengeneza gari mwenyewe. Mnyonge hununua anachokiweza, na nyingi katika hizo ni nzuri. Ugomvi wetu ni juu ya ile iliyotoka kiwandani na ubovu wake: pleti ya klachi inayobanduka, au krosi ya propela iliyofuliwa kwa chuma dhaifu. Klachi ikiisha, gari husimama. Lakini krosi iliyo karibu na giaboksi ikikatika gari likiwa mbioni, propela huanguka kichwa mbele, ikachimba barabara, na yaweza kulipindua gari. Abiria aliyelipa nauli yake hajui hata jina la kitu hicho.

Marekani ilitunga sheria mwaka 1966 kuwalazimisha watengenezaji wawaarifu wenye magari juu ya kasoro za hatari, na mwaka 1974 ikaongezwa kwamba matengenezo yawe bure. Wala makampuni yao si malaika. Mwaka 1980, baada ya malalamiko kwamba giaboksi za Ford ziliruka zenyewe kutoka "parki" hadi rivasi, kampuni iliponea kwa kuwapelekea wenye magari zaidi ya milioni 20 karatasi ya onyo ya kubandika ndani ya gari. Karatasi tu! Lakini hata karatasi hiyo ilijua njia ya kwenda, kwa kuwa jina la mtu na gari lake vilikuwa vimeandikwa mahali.

Kigombe ingemfikia nani? Gari lilitumika Japani, likauzwa Dar es Salaam, likauzwa tena Tanga. Klachi ilinunuliwa kwa fedha taslimu, bila risiti, na boksi likatupwa jalalani. Mtengenezaji akitangaza leo kwamba fungu zima ni bovu, nani atajua kwamba moja limo katika gari linalopakia samaki alfajiri?

Sheria tunazo. Sheria ya Alama za Bidhaa ilitungwa mwaka 1963, Uhuru ukiwa bado mchanga. Shirika la Viwango liliundwa mwaka 1975. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yatoa nafasi ya kuamuru bidhaa ya hatari irudishwe. Maofisa wanaokamata spea bandia na kuziteketeza twawapongeza. Lakini kuteketeza kilichomo ghalani ni nusu ya kazi. Ile iliyokwisha kufungwa garini, nani ataifuata?

Wako watakaosema alaumiwe fundi. La! Mara ngapi fundi huletewa spea na tajiri wa gari, akaambiwa, "Funga hii hii"? Mzigo wa aliyepata faida kubwa usitupwe juu ya mtu wa mwisho mwenye mikono ya grisi.

Twataka kila mwenye kuingiza spea za klachi, giaboksi, propela na breki aweke daftari la namba za fungu na la maduka aliyoyauzia. Duka litoe risiti yenye namba hiyo. Tangazo la kurudisha spea lisomwe redioni kwa Kiswahili, libandikwe gereji na stendi, si Dar es Salaam peke yake. Na anayerudisha alipwe bei ya spea pamoja na ujira wa fundi. Kushusha giaboksi si mchezo; pasipo ujira huo, hakuna tajiri wa gari atakayekubali kulilaza gari lake siku nzima kwa ajili ya tangazo.

Wakati madai hayo yakifika Serikalini, wanachama wenye magari wasingoje. Daini risiti, iandikwe namba iliyo juu ya boksi, na boksi lenyewe msilitupe.