Baada ya Mathari, Wapi?
Sisi wakazi wa Thika na Ruiru twaijua vyema safari ya Mathari. Hospitali hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1910, iko kando ya barabara yetu hii ya kuelekea Nairobi. Mgonjwa wa akili hupelekwa huko, hutulizwa kwa dawa, kisha hurudishwa nyumbani.

Lakini nyumbani ni kwa nani? Jirani yangu wa Ruiru, mama aliyepita miaka 70, humtunza mwanawe mtu mzima katika chumba cha kupanga. Juzi aliniuliza, “Mwanangu, nikifa, nani atamkumbusha dawa?” Nilikosa jibu.

Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka 2022, na kaunti, Kiambu ikiwamo, zikapewa jukumu la kuwahudumia wagonjwa katika jamii. Kwa maoni yangu, kazi hiyo ianze na nyumba za kawaida mitaani: watu wanne au watano, mlezi aliyefunzwa, dawa kwa wakati wake, na bustani ya sukuma wiki.

Nanyi wenye nyumba za kukodisha, siku hiyo ikifika, mtawafungulia mlango?