Muuza bakteria wa Msamvu

Wadau, leo nina hasira, mnivumilie.

Juzi nje ya stendi ya Msamvu nimemkuta kaka mmoja kavaa tai, kashika chupa ya vidonge. Ndani kuna bakteria wazuri, anasema. Wanatibu vidonda vya utumbo, na magoti yakivimba wanayashusha. Halafu akaongeza: ukianza hivi, achana na dawa za hospitali, zinaua bakteria wako.

Hapo ndipo aliponichefua. Jirani yangu wa Kihonda, miezi anaharisha damu na magoti yamevimba, aliacha dawa kwa maneno kama hayo. Alirudi hospitali amebebwa.

Jamani, ugonjwa huu upo. Una sura mbili kubwa, kolaitisi ya vidonda na Crohn. Kinga ya mwili inaushambulia utumbo, na kwa wagonjwa wengi viungo navyo vinaumia. Kwamba bakteria wa tumboni mwao wamevurugika ni kweli. Ila fujo ndiyo imeleta ugonjwa, au ugonjwa ndio umeleta fujo? Muuzaji haulizi.

Ipo aina moja, E. coli Nissle 1917, ambayo majaribio ya Ulaya yalionyesha inazuia kolaitisi isirudi karibu sawa na dawa ya mesalazini. Aina moja, iliyopimwa! Siyo kila chupa yenye picha ya tumbo. Kwa Crohn hakuna cha kushika. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilishauri wagonjwa wa Crohn na kolaitisi watumie probiotiki ndani ya majaribio ya utafiti tu. Na magoti? Hiyo ni biashara tupu.

Sasa sikieni hii. Nanna Svartz, daktari wa Sweden, alipoleta salfasalazini kuelekea miaka ya 1940, alikuwa anatafuta dawa ya viungo. Ikaja kusaidia na utumbo mpana. Na bakteria wa tumboni ndio wanaoikata vipande viwili ili ifanye kazi! Yaani dawa ya hospitali inawategemea bakteria haohao ambao kaka wa tai anasema inawaua.

Halafu kama shida ni bakteria tu, mbona tunao? Watafiti wa SUA, hapahapa Morogoro, waliichunguza togwa na mwaka 2003 wakachapisha walichokuta: imejaa bakteria wa asidi ya maziwa, Lactobacillus plantarum wakiwemo. Kikombe kimoja hakikufilisi. Kunywa kama tumbo lako linaipokea. Lakini bibi yangu wa Matombo, aliyepika togwa maisha yake yote, hakuwahi kumwambia anayeharisha damu aache dawa anywe togwa.

Wewe unayeona damu chooni, kapime. Amiba, kichocho na TB ya utumbo vinaweza kufanana na ugonjwa huu, na dawa zake ni tofauti kabisa. Na kabla hujanunua diklofenaki ya magoti dukani, sema kwamba una tumbo, maana dawa za kundi hilo zinaweza kuliamsha upya. Hilo jirani yangu hakuambiwa na mtu.

Jumamosi napita tena Msamvu. Yule kaka nitamuuliza jambo moja tu: ndani ya chupa yake kuna bakteria gani, kwa jina?