Wepesi wa Vidole Haupatikani kwa Mbio



Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema neno juu ya vijana wetu wa Matogoro na gitaa. Wengi wamelishika, wachache wanajua kulipiga, na wengine wameliacha kwa uchungu. Watu husema sababu ni uvivu. Mimi nakataa. Vijana hawa hujitaabisha sana, lakini hujitaabisha vibaya, kwa maana sisi wakubwa tumewafundisha kukimbia kabla ya kusimama.

Pita jioni yo yote katika nyumba zetu hapa chini ya mlima. Utamkuta kijana ameketi barazani. Amesikiliza katika simu mpigaji wa solo wa bendi ya Kikongo, naye ataka kumfuata papo hapo kwa mwendo ule ule. Vidole vyarukaruka, nyuzi zalia kama bati lililopigwa na mvua ya mawe, na nusu ya sauti hazisikiki kabisa. Hurudia mara ishirini, mara thelathini, kwa mbio zile zile na makosa yale yale. Ukimwuliza, "Mwanangu, wafanya nini?" hukujibu, "Mwalimu, nazoeza vidole vipate kasi." Mimi nasema, La! Havifundishi vidole vyake kupiga, avifundisha kukosa. Mkono haujui nia ya mwenyewe. Wajua lile tu ulilotendeshwa. Ukiutendesha kosa mara thelathini, umelikariri kosa hilo kama mtoto akaririvyo hesabu.

Nimewasikia wale wanaojiita mabingwa, na maneno yao ni matatu. Kwanza wasema, "Wepesi ni kipaji, mtu huzaliwa nao." Pili wasema, "Kasi huja kwa kupiga kasi." Tatu wasema, "Polepole ni kupoteza wakati. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Nitayajibu yote matatu, nikianza na lile la kwanza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wenye kulisema.

Miaka kadha wa kadha iliyopita nilikuwa nikiwasimamia vijana wa kwaya. Alikuwapo mmoja ambaye kila tulipobadili sauti vidole vyake vilichelewa, na wimbo ukamwacha nyuma. Ilipokaribia Pasaka nilimnyang'anya gitaa, nikampa mwenzake, nikamwambia mbele ya wote, "Mkono wako ni wa jembe." Akaenda zake, wala hakurudi. Baadaye nilipeleka suruali kwa fundi cherehani, na kumbe fundi ni yeye. Nikatazama mikono yake: jinsi ilivyopesi, jinsi mshono ulivyonyoka! Nikamwuliza alijifunzaje. Akasema, "Mwalimu, fundi wangu alinishonesha juu ya karatasi tupu, sindano haina uzi, polepole, katika mstari mmoja, mpaka mguu na mkono vikapatana. Ndipo akanipa kitambaa. Hakuniambia nina mkono wa jembe." Nilikosa la kujibu, na leo nakiri mbele ya wasomaji: mkono ule haukuwa mzito. Mafundisho yangu ndiyo yaliyokuwa mazito.

Basi, la pili. Je, kasi huja kwa kupiga kasi? Tazameni jinsi kasi inavyozuiliwa. Mara nyingi vidole havishindwi na mbio. Vyashindwa na kubabaika. Kijana huinua vidole mbali na nyuzi kana kwamba ataka kumpiga nzi, kisha hana budi kuvirudisha safari ndefu. Hubana shingo ya gitaa kwa nguvu nyingi kuliko ihitajikavyo, mabega yakapanda mpaka masikioni. Hukanyaga uzi katikati ya nafasi, badala ya kuukanyaga karibu na kile chuma kidogo cha mbele, ambapo nguvu kidogo tu yatosha. Mwenye kukimbia hawezi kuyaona makosa haya, na asipoyaona hawezi kuyaondoa. Aendaye polepole huyaona yote.

Kwa hiyo nasema fanyeni hivi. Linganisheni nyuzi kwanza. Kisha msiuchukue wimbo mzima. Chukueni kipande kile tu kinachowashinda, hata kama ni sauti nne au tano. Mara nyingi kitakuwa ni pale mnapobadili vidole kutoka sauti moja kwenda nyingine. Pigeni kipande hicho kwa mapigo ya saa ya ukutani, ile yenye mshale wa nukta, maana hutoa mapigo 60 kwa dakika. Mwenye simu aweza kupata humo metronomu, chombo cha kuhesabia mapigo, na kukipanga apendavyo. Si mchezo wa watoto: Johann Maelzel alikipatia hati chombo hicho mwaka 1815, na Beethoven mwenyewe aliandika mwendo wa nyimbo zake kwa hesabu zake. Mkiweza kukipiga kipande mara tano mfululizo bila kosa na bila kujikaza, ongezeni mapigo manne tu. Mkikosa, rudini nyuma bila haya. Dakika 20 kila siku zapita saa tatu za Jumamosi peke yake, kwa maana mkono hujifunza pia mtu akipumzika na kulala. Tena penye kwaya yenye gitaa moja na vijana wengi, dakika 20 zatosha kuzungushana bila ugomvi.

Hapa mabingwa watanirukia: "Mwalimu, aendaye polepole siku zote atabaki polepole." Nakubali kwamba wana haki kidogo. Mwendo wa kukimbia si mwendo wa kutembea ulioharakishwa tu. Mwili hujipanga vingine. Ndiyo maana, kipande kikiisha kuwa safi, yafaa kujaribu sauti nne tu kwa mbio, kisha kusimama na kulegeza mkono. Kesho sauti sita. Kesho kutwa nane. Lakini angalieni tofauti. Huyu hujaribu mbio fupi kwa jambo alijualo. Yule hukimbia safari nzima gizani.

Tena kuna hatari ambayo haisemwi. Kijana akihisi kidole chafa ganzi, au kiwiko na mshipa wa mkono vyauma, huambiwa, "Vumilia, ndiyo kukomaa." Ngozi ya ncha za vidole yauma mwanzoni, kisha hukomaa, hiyo ni kweli. Lakini maumivu ya ndani ya mkono si kukomaa, ni kuumia. Aache, apumzike, na yakizidi aende kwa mganga wa hospitali. Wako wapigaji wa kazi hiyo hiyo, hata katika nchi za Ulaya, walioharibu mikono yao kwa kujilazimisha. Kijana wetu anayelima kwa mkono huo huo atapata wapi mwingine?

Sasa la tatu, kwamba polepole ni kupoteza wakati. Nawaulizeni, tunawakumbuka wapigaji gani? Jean Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji uitwao sasa Likasi. Wimbo wake "Masanga" ungali unasikilizwa, naye alipiga kwa gumba na kidole cha shahada. Gumba lashika njia yake chini, kidole chaimba juu, wala kimoja hakimkanyagi mwenzake. Jaribuni kuupiga wimbo ule, mtaona mara moja kwamba hauingiliki kwa pupa: sharti gumba lifundishwe peke yake mpaka liende kama miguu iendavyo njiani bila kufikiriwa, ndipo kidole kiongezwe. Na kwetu Tanzania, Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufa mwaka 1979, alipata sifa katika Morogoro Jazz na kisha Super Volcano. Je, ni kwa sababu alikuwa na mbio kuliko wote? Sikilizeni solo zake: kila sauti yasikika kama neno la mtu aliyefikiri kabla ya kusema. Mbio alikuwa nazo, lakini zilikuwa mtumishi wake.

Nasi je? Katika kwaya nyingi mbio zimekuwa bwana. Mpigaji hukimbia, waimbaji wazee humfuata wakihema, maneno humezwa, na wimbo uliokusudiwa kuwakusanya watu huwatawanya. Kisha twampigia makofi! Na yule mnyonge ambaye angekuwa mpigaji hodari baada ya mwaka mmoja, twamwambia hana kipaji. Hii ni dhulma, nami nimeitenda.

Ndugu zangu walimu na wazee wa kwaya, nawasihi. Msimnyang'anye mtoto gitaa kwa sababu ya uzito wa wiki chache. Mpeni kipande kidogo, mpeni mapigo, mpeni siku. Nanyi vijana, msione haya kusikiwa mkipiga polepole barazani. Mto Ruvuma watoka katika milima yetu hii ya Matogoro, na huku juu mtoto aweza kuuruka. Haukuanza kwa kishindo, lakini hufika bahari ya Hindi, mbali zaidi ya kilomita 700.

Yule fundi nimemwomba radhi. Nimempelekea pia gitaa, akalipokea, akanicheka kidogo. Jioni humsikia akipiga sauti nne tu, polepole, tena na tena, nazo ni safi zote.

Ndimi mwalimu wenu,
Matogoro, Songea.