Pumba kwa Kuku, Sembe kwa Watoto

Kila mjadala wa unene na saratani hapa Tanzania huishia kwenye wito uleule: turudi kwenye vyakula vya asili. Sawa. Tukifika huko tule nini? Wengi wanaohubiri asili wana bonge la ugali wa sembe mezani, mweupe kama karatasi, na wanauita chakula cha mababu.

Si cha mababu. Mahindi yenyewe yalivuka bahari kutoka Amerika, na ule weupe ni kazi ya mashine ya kukoboa. Mashine huondoa ganda na kiini, zilimo nyuzinyuzi, mafuta na vitamini nyingi. Sisi tunabaki na wanga. Pumba tunawauzia wafugaji. Kuku wanatushinda kwa lishe.

Hili si suala la ladha. Nyuzinyuzi hushuka hadi utumbo mpana, bakteria huzichachusha na kutengeneza butireti, chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alizitetea nyuzinyuzi tangu miaka ya 1970. Mwaka 2025 ukachapishwa utafiti wa Kilimanjaro ulioshirikisha wanaume 77. Wa vijijini waliohamishiwa vyakula vya kizungu kwa wiki mbili, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani. Wa mjini waliorudishiwa vyakula vya Kichagga, dalili hizo zilipungua. Utafiti haukupima saratani, lakini uvimbe wa aina hiyo ukidumu miaka huifungulia mlango.

Sisemi kila cha kale ni dawa. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya huota sumukuvu, na sumukuvu huleta saratani ya ini, hata kama shamba ni la bibi.

Ninachokataa ni asili kugeuzwa bidhaa ya wenye nacho, unga wa bei mbaya wenye picha ya mbuyu kwenye mfuko, huku mama ntilie akilaumiwa kwa vitambi vyetu. Sembe hupendwa na wafanyabiashara kwa sababu hukaa. Dona huharibika mapema kwa mafuta ya kiini. Hilo ni tatizo la mashine na ghala, si la nidhamu ya mlaji. Basi tuanzie shule za bweni: dona iliyosagwa jirani, wiki hiyohiyo, na maharage ya kutosha.

Kuku watatusamehe.